Farasi wako, farasi wa watu, punda au farasi wa jirani: familia yenye shamba Usa River ichague nini

Wale wenzangu mlioachiwa shamba na wazee kuanzia Tengeru, Usa River, Machame mpaka Siha, hili swali mnalijua, linaibuka kila kikao cha ukoo kikishamaliza mambo ya kaburi na ada za watoto. Kahawa haitoshi, parachichi bado miche, watalii wanapita barabarani kila siku kutoka uwanja wa ndege wa KIA kwenda Arusha na sisi tunawapungia mkono tu, kwa nini tusijenge vyumba vinne tukaweka na farasi? Afu mmoja anasema farasi ni ghali, mwingine anasema basi tuweke punda, shemeji aliyeko Dar anasema tutunze farasi wa wazungu watulipe kila mwezi, na mama anauliza nani ataamka kuwalisha.

Mimi nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, miaka mitano kwenye shamba moja la huku, nimesafisha kwato mpaka nikawa naziota, halafu nikarudi nyumbani tukapitia huo mjadala wote na ndugu zangu. Kwa hiyo naandika nilichokiona, wewe pima na hali yenu.

Njia ziko nne. Ya kwanza farasi wako: unanunua, unajenga mabanda, wageni wanalala kwako na wanapanda kwako. Ya pili farasi wa watu: wewe una banda, nyasi, saisi na uwanja wa kupandia, wenye farasi wanakaa Arusha mjini, Njiro au Ilboru, wanakulipa kwa mwezi, wikiendi wanakuja na watoto wanapanda, wanakula chipsi kuku, wanaondoka. Ya tatu punda: mgeni anatembea kwa miguu na punda anabeba maji, chakula na begi, mnapita mashambani mpaka Ziwa Duluti au kijiji cha jirani, usiku mgeni analala kwako. Ya nne ni vyumba tu, mgeni akitaka kupanda farasi unampigia simu jirani mwenye nao.

Zote nitazipima kwa mambo yaleyale: hela, kazi ya kila siku na nani anaifanya, afya ya mnyama, ajali, msimu na makaratasi. Uzuri wa picha za Instagram sijauweka kwenye vipimo maana hapo farasi anashinda na hakuna ubishi.

Hela

Kila mtu anaanza kuuliza farasi anauzwa bei gani, kumbe bei ya kununua unalipa mara moja tu. Piga hesabu ya kula. Farasi wa kilo 400 anataka kama kilo 8 mpaka 10 za nyasi kavu kwa siku kama hana malisho ya maana, wakiwa wanne kwa mwezi ni kama tani moja au zaidi. Beli (furushi lililofungwa) nzuri ya nyasi za Boma Rhodes ina kilo 15 hivi, ukinunua kwa mtu mjanja unakuta 11 na katikati kaweka unyevu, kwa hiyo weka beli 70 na zaidi kila mwezi na uzidishe na bei ya kwenu, tena bei ya mwezi wa tisa nyasi zikiwa adimu, siyo ya mwezi wa sita. Maji lita 30 mpaka 40 kila mmoja kwa siku. Kwato kukatwa kila wiki 6 mpaka 8. Hapo hata hujagusa chanjo, tandiko, hatamu wala mshahara wa saisi, na hizo gharama zinaendelea hata wiki ambayo hujapata mgeni hata mmoja.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakioni mpaka wameshanunua. Farasi wanne maana yake ni wageni watatu, kwa sababu anayewaongoza naye anapanda. Mmoja akichechemea wanabaki wageni wawili, na wageni wengi wanaokuja na familia wako wanne, baba, mama na watoto wawili. Kwa hiyo ukitaka biashara ya kweli ya kupandisha wageni unaongelea farasi sita kwenda juu, hapo rudi kwenye hesabu ya nyasi ukae chini kidogo. Lakini tuseme ukweli, mgeni wa farasi analipa vizuri kuliko wa matembezi, na akipenda anabaki siku tatu nne badala ya usiku mmoja wa kusubiri ndege.

Farasi wa watu gharama za kujenga ni zilezile, mabanda, uzio, stoo ya nyasi, ila hununui farasi na malipo yanaingia kila mwezi mvua inyeshe isinyeshe. Faida ni nyembamba, ukikosea bei ya nyasi kwenye mkataba ndo umekwisha. Andika kabisa kwamba bei itapitiwa kila baada ya miezi kadhaa.

Punda ndo wa rahisi kuliko wote. Kilo 3 hivi za chakula kikavu kwa siku zinamtosha, tena anataka zile ngumu ngumu, mabua safi ya mahindi yasiyo na ukungu anakula vizuri, ukimlisha kitajiri anaugua. Kile anachoingiza nacho ni kidogo, usidanganyike, hela ya punda inatoka kwenye chakula cha mchana na chumba.

Vyumba tu: hela yote inaenda kwenye kitanda, choo na maji ya moto, vitu ambavyo hata Mtanzania wa kutoka Dodoma atalipia. Kwenye farasi wa jirani unabaki na kamisheni, basi.

Kazi, na nani yupo saa kumi na moja jioni

Hapa ndo familia nyingi zinapishana. Siku ya farasi inaanza saa kumi na mbili asubuhi, kutoa mavi, maji, nyasi, kukagua kila mguu kwa mkono (unapitisha kiganja kuanzia goti kushuka chini, pakiwa na joto kuliko mguu mwingine siku hiyo hapandwi), kusafisha kwato, kupiga brashi mgongoni panapokaa tandiko maana punje moja ya mchanga hapo inatengeneza kidonda cha wiki mbili. Jioni kabla jua halijazama wote ndani. Jumapili, Pasaka, siku ya msiba wa jirani, hakuna likizo. Pale nilipofanya kazi saisi mmoja alikuwa na farasi watatu au wanne na hakupata muda wa kukaa chini.

Kwa hiyo kama kwenye ndugu watano hakuna hata mmoja anayeishi shambani, farasi wako na farasi wa watu zote mbili zinawategemea wafanyakazi mia kwa mia. Farasi wa watu wana nyongeza yao, kushughulika na wenyewe. Mama mmoja anataka farasi wake apewe karoti saa nne, mwingine anapiga simu usiku kuuliza kama amevalishwa blanketi, mwingine anakuja na mkufunzi wake anayebishana na saisi wako. Unahitaji mtu mpole anayejibu meseji, na kwenye familia zetu huyo mara nyingi ni dada mmoja ambaye tayari ana kazi zake.

Punda anahitaji kuangaliwa asubuhi na jioni na mtu wa kutembea naye, kijana wa hapohapo anayejua njia na stori za kahawa, na akijua Kiingereza ndo mtaji wenyewe. Vyumba tu kazi yake ni ya usafi na jiko, ngumu, ila unaweza kufunga mlango ukaenda harusini Moshi.

Afya: magonjwa, na sumu zilizopo shambani kwako sasa hivi

Farasi siyo ng'ombe. Naliandika hili peke yake kwa sababu ya siku moja. Pale kazini kijana mgeni aliona kupe kwenye masikio ya jike mmoja wa kahawia, akachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokuwa stoo akampulizia mwili mzima, kwa nia njema kabisa. Ilikuwa na kemikali ya kuua kupe inayoitwa amitrazi. Kesho yake asubuhi yule jike hajagusa nyasi, anageuka kuangalia ubavu wake, analala anaamka, na chini hakuna mavi. Nilimwekea sikio tumboni. Tumbo la farasi mzima linanguruma muda wote kama maji yanayopita kwenye bomba, yule alikuwa kimya. Amitrazi inasimamisha utumbo wa farasi, na farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kila kitu kinakaa humo. Daktari alikuja kutoka mjini usiku, mafuta kwa mpira wa puani, dripu, tukamtembeza kwa zamu. Alipona siku ya nne. Dawa hiyohiyo kwa ng'ombe wa baba mdogo haina shida hata kidogo.

Vingine vya kwenye mashamba yetu: majani na magome ya mparachichi ni sumu kwa farasi, na sisi ndo kwanza tumepanda miparachichi kila kona, tena mtu anamfunga farasi chini yake sababu kuna kivuli. Chakula cha kuku kilichowekwa monensini, dawa ya kuzuia ugonjwa wa koksidia, kinaua farasi, kiasi kidogo tu, kwa hiyo stoo ya kuku na stoo ya farasi zisikae pamoja na pipa la kupimia lisiwe moja. Na kahawa iliyopigwa dawa juzi usichungie chini yake.

Magonjwa sasa. Kubwa ni ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, virusi vinavyobebwa na usubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu vinavyong'ata jioni mpaka alfajiri. Kwenye kundi lisilo na kinga vifo vinaweza kupita 70 kwa kila 100, aina ya mapafu inamaliza farasi ndani ya siku chache, povu puani, na kuna aina nyingine unaona uvimbe juu ya macho. Tiba hakuna, ipo chanjo ya kila mwaka na kuwaingiza ndani kabla ya giza, madirisha yana wavu. Punda milia wanabeba virusi hivyo bila kuonyesha kuugua, na sisi tunaopakana na Hifadhi ya Arusha au nyika za West Kilimanjaro punda milia ni majirani. Na mbaya zaidi usubi unazaliana kwenye matope ya masika, yaani hatari inapanda ndo msimu wako wa wageni unakaribia. Ongeza homa za kupe, ongeza nagana kama utawashusha kwenye pori lenye mbung'o, ongeza pepopunda ambayo farasi anaipata kirahisi kwa kidonda cha msumari.

Kwa farasi wa watu hatari ni hiyohiyo ila hasara ya mnyama ni ya mwenyewe, na lawama ni yako. Mkataba useme nani anaamua kumwita daktari saa nane usiku na nani analipa, na farasi asiye na chanjo haingii getini hata kama mwenye naye ni rafiki. Mmoja akiingia na ugonjwa unaweza kuwafikia wote.

Punda ugonjwa huo wa usubi haumsumbui, mara nyingi hata hujui kama amepita nao. Shida yake ni vidonda vya mgongoni kwa mzigo uliofungwa vibaya, minyoo, kwato ndefu, na tabia yake ya kuficha maumivu, ukiona punda amepoa sana hachezi masikio jua anaumwa siku nyingi. Wizi pia upo, kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China kutengenezea dawa ya ejiao. Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, lakini zizi lako funga kufuli.

Vyumba tu, hapa unalala usingizi. Ila kabla hujampeleka mgeni kwa jirani nenda kaangalie migongo ya farasi wake, mgeni akikuta kidonda chini ya tandiko ataandika jina lako, siyo la jirani.

Mgeni akianguka

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa kilo 400 ni kilo 80, toa tandiko la kilo 10, mpandaji ni kilo 70. Sasa anakuja baba wa Kijerumani wa kilo 95, amelipa, mke na watoto wameshapanda wanapiga picha. Huyo anataka farasi wa zaidi ya kilo 500. Ukimpandisha tu kwa aibu ya kumkatalia, mgongo unaumia na yeye akiyumba tandiko linazunguka. Uliza uzito kwenye fomu ya kubuki, siyo getini.

Helmeti kwa kila mtu, kiatu chenye kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku (chuma cha kukanyagia) ukanasa, na dakika 20 uwanjani kabla ya kutoka, mtu anayesema anajua kupanda utamjua kwenye hizo dakika. Bima ya kulipa watu wanaoumia mikononi mwako usiione kama ya hiari, hata kama mgeni amesaini karatasi ya kukubali hatari. Kwenye farasi wa watu mwenyewe anapanda farasi wake ila uwanja ni wako na watoto wake wanazurura kwako, bima inahitajika vilevile. Punda, mtu mzima hapandi, asiyezidi kilo 50 hivi kwa punda mkubwa na mzima ndo mwisho, yaani watoto, ajali zake ni teke na kujikwaa. Na kwa jirani, waulize bima yao inaishia wapi kabla hujampeleka mtu, maana mgeni amelipa kwako.

Msimu

Watalii wengi ni Juni mpaka Oktoba, tena Desemba mpaka Februari. Machi mpaka Mei masika, njia za udongo mwekundu zinateleza, farasi wanakula bila kufanya kazi. Kama farasi ni wako hiyo miezi mitatu lazima iwe imelipiwa na ile mingine. Farasi wa watu wanakulipa masika, ila angalia wateja wako ni nani: wa mashirika na shule za kimataifa huwa wanahama Juni na Julai mikataba ikiisha, na mji wetu unaijua hiyo, mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda iliyokuwa hapa Arusha ilipofungwa Desemba 2015 wageni wakazi wengi walishaondoka. Anayehama anaweza kukuachia farasi na deni, kwa hiyo chukua dhamana ya miezi miwili. Punda masika anabeba maji na ndizi kwenda soko la Tengeru, hakai bure. Vyumba unawapa wa semina za Arusha kwa bei ya chini.

Makaratasi

Haya nayapitia haraka kwa sababu yanafanana: jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipa kodi), leseni ya halmashauri, na ukilaza au kutembeza watalii kuna leseni ya utalii, watu wanaiita TALA, chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Afisa mifugo wa wilaya mfahamu kabla hujamhitaji. Akija mzungu mwenye farasi anataka ubia, kumbuka kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu wa serikali, kwa hiyo ardhi yenu ndo hisa yenu, msiitaje kama kitu cha bure. Na kati yenu ndugu andikeni nani anaweka nini na akitaka kutoka anatokaje. Sita tumezaliwa kwetu, bila ile karatasi tusingefika mwaka wa pili.

Kwa hali yako

Kama mna ekari kuanzia kumi, maji ya uhakika, ndugu mmoja anayeishi hapo na anayependa wanyama kweli (siyo anayependa kupanda), na akiba ya kulisha mwaka mzima bila mgeni, farasi wako inawezekana na inalipa. Anza na wawili watatu wapole wa umri wa miaka kumi na kitu, usinunue kijana mzuri wa mbio eti bei rahisi.

Kama mko karibu na mji, nusu saa kutoka Njiro, mna eneo tambarare na mtu wa kushughulika na wateja, ila hamna hela ya kununua, farasi wa watu. Mbolea inabaki kwenu, migomba yetu ingeongea ingesema.

Kama shamba ni dogo, la mteremko, lina kahawa na migomba na bibi anayejua kukaanga kahawa kwenye kikaango, punda. Sisi tuliishia hapo, vyumba vitatu na punda wawili, kwa sababu mteremko wetu farasi angevunjika mguu na hakuna aliyekuwa tayari kubaki nyumbani kila jioni.

Kama wote mko mjini na shamba lina mlinzi tu, vyumba na jirani. Mna Duluti, mna kupiga kasia Momella, mna makaburi ya wakimbizi wa Kipoland wa vita ya pili pale Tengeru ambayo jamaa zao bado wanakuja kuyaona. Mwaka mmoja wa hivyo utawaonyesha wageni wangapi wanauliza farasi.

Na kama kikao kimegawanyika nusu kwa nusu, mtumeni yule anayeng'ang'ania farasi akakae kwa mtu mwenye nao wiki mbili za mwezi wa nne, awe anawaingiza yeye jioni kwenye mvua, akirudi mwendelee na kikao.